Kundi la familia: sabuni ya Mama

Dada: Shikamooni wakubwa. Wadogo hamjambo. Nimetoka dukani sasa hivi na sina raha hata kidogo.

Mama Mdogo: Marahaba mwanangu. Kulikoni tena?

Dada: Nilifuata sabuni. Nimefika kwenye rafu, mkono ukaenda wenyewe kwenye ile ya marehemu Mama, ile ya kijani. Kuishika tu nikajua siyo. Boksi lile lile, rangi ile ile, bei iko pale pale, ila kipande kimepungua. Nikageuza nyuma kusoma uzito, umeandikwa kwa herufi ndogo kabisa, na kweli umeshuka. Nikalia pale pale mbele za watu.

Dada: Mama asingenyamaza. Angekwenda na boksi mpaka kaunta awaulize kwa upole, "Mwanangu, mbona hii imekonda?"

Kitinda: Na asingeondoka mpaka ajibiwe 😢

Mimi: Pole dada. Uko nyumbani sasa?

Dada: Niko nyumbani. Nimetulia kidogo.

Mjomba: Marahaba wanangu. Pole sana. Huo mchezo upo dunia nzima. Bei ikipanda mteja anagutuka siku hiyo hiyo, uzito ukishuka wengi hawaoni. Ufaransa wameutungia sheria: tangu Julai 1, 2024 maduka makubwa yanatakiwa kubandika tangazo kwenye bidhaa iliyopunguzwa ujazo huku bei yake kwa kilo au lita ikipanda, na tangazo likae miezi miwili. Ndivyo inavyotakiwa kila mahali. Mtu aambiwe ukweli kabla hajatoa pesa yake.

Mjomba: Msiangalie bei ya boksi. Gawanyeni bei kwa gramu, ndiyo mtaona nani anawaibia.

Mama Mdogo: Dada yangu alikuwa anagawanya kichwani. Tulipokuwa wasichana tukitumwa dukani, yeye ndiye aliyeshika pesa. Mama yetu alikuwa akihesabu chenji mbele yetu, ikipungua tunarudishwa. Hapo ndipo alipojifunzia. Mimi nilibeba kapu tu.

Kitinda: Hilo sikulijua Mama Mdogo. Andika na mengine, tafadhali. Andika yote unayokumbuka.

Mama Mdogo: Nitaandika mwanangu. Polepole, macho yananiwasha nikianza.

Mimi: Mnakumbuka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza? Mama alisikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho, halafu akasema sabuni itapanda. Mimi nikaona amechanganya mambo.

Mjomba: Hakuchanganya. Ukraine ndiyo ilikuwa ikiongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti. Yalipokwama, wanunuzi wakakimbilia mawese. Mwishoni mwa Aprili Indonesia nayo ikazuia mawese yake yasitoke, wakaachia mwezi uliofuata. Na mawese ndiyo yanayopikwa sabuni nyingi. Dada yangu hakusoma sana darasani lakini habari alizifuata mpaka zinapofika jikoni kwake.

Kitinda: Mimi habari siku hizi nashindwa. Wanasema wamekufa watu kadhaa, kisha wanaingia kwenye hali ya hewa. Zamani nilisikia idadi nikaendelea na kazi zangu. Sasa kila nikisikia nafikiria kwamba kila mmoja wao ameacha viatu mlangoni, na kuna mtu hajui avipeleke wapi.

Kitinda: Mama alikuwa anasema "hao nao wana wenyewe". Nilidhani ni mazoea ya mdomo. Alikuwa anawahesabu mmoja mmoja.

Dada: Alianza kusema hivyo baada ya Baba.

Mimi: Ndiyo. 2020. Kila jioni wanataja idadi ya waliokufa kwa korona, na siku moja Baba akawa ndani ya idadi ile. Tukamzika watu wachache tumesimama mbali mbali, hata kushikana mikono haturuhusiwi. Mama hakukumbatiwa na mtu siku ile. Hilo bado linaniuma kuliko yote.

Mama Mdogo: Mimi sikuruhusiwa kusafiri. Nilimlilia shemeji yangu kwenye simu.

Mimi: Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipotangaza kwamba dharura ya korona imekwisha, nilikuwa naye sebuleni. Alizima redio akasema, "Kwangu haijaisha." Akaenda kulala mapema.

Shemeji: Poleni wote. Nilikuwa zamu, ndiyo nasoma sasa. Mke wangu aliniuliza juzi kama kulia mpaka leo ni ugonjwa, naona nijibu hapa maana huenda si yeye peke yake anayejiuliza.

Shemeji: Mnasikia watu wakitaja hatua tano za huzuni, kana kwamba ukifika ya tano umemaliza. Daktari Elisabeth Kübler-Ross aliyezieleza mwaka 1969 alikuwa akizungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa. Hakuwa anawapangia wafiwa ngazi ya kupanda. WHO inao utambuzi wa huzuni iliyokithiri, lakini hapo ni mtu aliyepitisha angalau miezi sita huku maumivu yamemzidi na maisha yamesimama: hafanyi kazi, hatoki, hawezi kujitunza. Kulia kwa sababu umeshika sabuni ya mama yako ni jambo la kawaida. Lia. Ila yeyote akiona siku zinapita na hawezi kuinuka kitandani, aniambie, hata usiku wa manane.

Dada: Asante baba watoto 🙏

Mpwa: Shikamooni wote. Samahani kuingilia. Kwenye kishikwambi cha Bibi umeingia ujumbe wa lile duka la mtandaoni. Unasema "Hatujakuona siku nyingi, rudi upate punguzo." Wameweka na orodha ya vitu vyake, "nunua tena".

Mama Mdogo: Ee Mungu wangu.

Mimi: Niliwapigia niifunge akaunti. Nikaeleza mwenyewe amefariki. Wakaniambia kwa usalama wanataka kuongea na mwenye akaunti. Nikarudia kueleza, wakarudia vile vile. Nikaomba msimamizi, simu ikakatika. Na namba ya siri wanaituma kwenye laini ambayo tulishaifunga. Nimekasirika sijawahi. Watu wanakufa kila siku, duka kubwa namna ile linakosaje njia ya kumpokea mfiwa?

Mpwa: Wengine wanayo. Google tangu 2013 unachagua mtu wa kupewa data zako ukikaa muda bila kutumia akaunti. Facebook waliweka mwaka 2015 na Apple mwaka 2021. Lakini lazima mwenyewe upange ukiwa hai. Mkitaka nitawafanyia wote humu, mmoja mmoja.

Mjomba: Anza na mimi mjukuu wangu.

Kitinda: Subirini. Msiifunge akaunti ya Mama bado. Ile orodha ni yeye. Alichonunua, lini, alichorudisha na sababu aliyoandika. Kuna mahali alimwandikia muuzaji barua nzima kuhusu zipu. Nataka kuisoma.

Dada: Mimi pia. Sikujua anaandika sababu.

Mpwa: Naweza kupiga picha kurasa zote kabla hatujafunga. Jumbe za matangazo nazizima leo, hizo hazihitaji namba ya siri.

Mimi: Zima hizo kwanza. Mengine tufanye pamoja. Kuna tawi lao la kupokelea mizigo, nitakwenda ana kwa ana na cheti cha kifo.

Mama Mdogo: Usiende peke yako. Nenda na dada yako.

Dada: Nipo. Jumamosi saa nne asubuhi. Wewe beba nakala, mimi nabeba cheti chenyewe na kitambulisho cha Mama.

Kitinda: Nami naja. Mpwa, zile kurasa nitumie mimi kwanza, usiziweke humu mpaka nimesoma ile ya zipu.