Tupeane uzoefu: kufundisha Kiingereza kwa nyimbo darasani

Prof wa Ndosho (Goma):

Jambo yenu, wandugu walimu. Kila mmoja aseme yaliyomtokea darasani, si yale aliyosoma kwenye semina. Naanza mimi.

Shule yetu ni ya mbao na bati, watoto zaidi ya sitini katika chumba kimoja. Kitu kilichokuwa kinanitesa ni ile "s" ya mwisho wa kitenzi: "she sells", "he walks". Ukieleza kanuni kwa Kifaransa wanaielewa, kwenye kaye (daftari) wanaiandika vizuri, wakifungua kinywa inapotea. Nawaelewa. Kifaransa kimewazoesha kwamba herufi za mwisho wa kitenzi zinaandikwa tu, hazitamkwi, na kwa Kiswahili mtendaji tunamwonyesha mwanzoni mwa kitenzi, hatungoji mwisho.

Nikachukua sauti ya wimbo ambao wasichana wanauimba wakiruka kamba uani, tukatia maneno yetu. Mama anauza maharagwe Birere, kaka anasukuma chukudu (ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), dada anafua. "My mother sells beans, my brother pushes a chukudu." Kila "s" ikifika, wote wanapiga benchi kwa kiganja. Asiyeitamka anasikika palepale: kiganja kimepiga, mdomo umenyamaza, na jirani yake anamcheka.

Kilichonifurahisha zaidi kilikuja chenyewe. Tulipofika "pushes" na "washes" wimbo ukachechemea. Maneno yalikuwa na silabi moja zaidi ya nafasi iliyokuwapo. Binti mmoja wa nyuma akasema, "Prof, hili neno limekuwa refu." Ndipo nikaandika ubaoni kanuni ya "es", baada ya wao kuigonga kwa mikono. Mwaka wa nyuma kanuni hiyohiyo nilikuwa naianza ubaoni, na hakuna aliyeuliza kitu.

Mwalimu wa hisabati wa chumba cha pili hakufurahi, mbao hazizuii sauti. Tumepatana: naimba mwanzoni mwa saa tu, na siku akiwa na mtihani mdogo siimbi kabisa.

Nyimbo za kwenye simu siziamini sana. Umeme hauna ahadi, na mvua ikipiga bati hakuna spika inayosikika. Halafu waimbaji hawajali sarufi. Mtoto anakuletea "he don't" badala ya "he doesn't" na kukuambia ameisikia kwa nyota fulani, na kweli ameisikia.

Mama Prof, Kadutu (Bukavu):

Prof, hapo kwa nyimbo za simu tutagombana kidogo. Wimbo wako wa chukudu unafundisha kinywa. Sikio litafundishwa na nani? Mtoto anayemsikia mwalimu wake tu atashangaa siku akikutana na Mganda au Mzambia.

Mimi natumia spika ndogo ya kuchaji, na sipigi fotokopi, ni ghali. Naandika maneno ya wimbo ubaoni na kuacha mashimo, wananakili, kisha nafungulia. Mara ya kwanza kalamu chini, wanasikiliza tu. Mara ya pili wanajaza. Nachagua wimbo wa polepole, sauti moja, ngoma chache. Wimbo wenye vyombo vingi hata mimi sisikii maneno.

Sasa, dhahabu iko kwenye makosa yao. Siku moja shimo lilikuwa la "live". Karibu darasa zima liliandika "leave". Sikufuta. Kiswahili kina "i" moja, Kifaransa nacho "i" moja, Kiingereza kinazo mbili, fupi na ndefu, kwa hiyo sikio la mtoto wetu linaziweka zote katika kapu moja. Nikarudisha mstari ule hadi wakachoka, wakinyoosha mkono kwa ndefu na kufunga ngumi kwa fupi. Bila wimbo nisingejua kwamba tatizo ni la darasa zima. Ningedhani ni la yule mvulana mmoja ambaye kila siku namrekebisha.

Na hiyo "he don't", waonyeshe. Kazi yangu inayofuata huwa ni kusahihisha mwimbaji. Wanapenda sana kumtia nyota kalamu nyekundu.

Mzazi wa Himbi (Goma):

Mimi si mwalimu. Mtoto wangu anaimba Kiingereza nyumba nzima, kaye ikiwa nyeupe. Mtihani wa serikali ni wa kuchagua jibu kwenye karatasi, hakuna anayekuja kumsikiliza akiimba. Mnasemaje?

Katuba (Lubumbashi):

Papa wa Himbi, usikate tamaa, tutakujibu.

Mimi nafundisha watu wazima jioni: madereva na wale wa deklarasyo (karatasi za forodha) wanaokwenda Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia. Mwambie baba wa watoto watano aimbe, atakutazama tu. Kwa hiyo hatuimbi, tunasema kwa mdundo. Mwalimu wa Marekani, Carolyn Graham, aliieneza njia hii tangu 1978: mazungumzo ya kawaida kabisa, yamewekwa juu ya mapigo. Mimi napiga bidoni (dumu la plastiki), na wanaopenda karindula, muziki wa kwetu, wanapokea bila kuombwa. "Where are your papers? What's in the truck?" Maneno yenye uzito yanaangukia pigo, yale madogo yanapita haraka katikati. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, Kifaransa kinakaza mwisho, na mtu wetu akisoma Kiingereza anakipa kila neno uzito sawa, Mzambia anabaki amekunja uso. Bidoni inatibu hilo kuliko maelezo yangu yote.

Finalisti wa zamani (Goma):

Ngoja niwachekeshe. Tulifundishwa vitenzi visivyo vya kawaida kwa wimbo, kuanzia "begin" hadi "write", kwa alfabeti. Mpaka leo naujua. Lakini siku ya mtihani nikitaka "write" lazima nianze "begin", nishuke orodha yote kwa kunong'ona. Msimamizi aliniambia ninyamaze au nitoke. Nikanyamaza, na "written" ikapotea.

Prof wa Ndosho:

Hahaha! Mdogo wangu, umetusaidia kuliko unavyojua. Alfabeti ndiyo iliyokufunga. Mimi naviimbisha kwa ukoo wa sauti: "sing, sang, sung", "ring, rang, rung", "drink, drank, drunk". Koo fupifupi, na katikati nakata ghafla na kumnyooshea mtu kidole aanze ukoo mwingine. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho.

Mzazi wa Himbi, una haki. Kwangu wimbo ukiisha, kila mtoto anaandika mistari yake mwenyewe kwenye kaye juu ya watu wa nyumbani kwake, na nasahihisha "s" peke yake. Mwombe mtoto akuonyeshe ukurasa huo. Kama haupo, mwone mwalimu wake, umwulize kwa upole.

Mama Prof, spika yako nimeikubali nusu. Msimu wa mvua ukiisha nitajaribu mashimo yako.

Sasa mimi nina shida ya maswali: "do" na "does". Nimejaribu sauti za kwaya, maneno hayakai. Mwenye sauti iliyomfaa atume rekodi, hata ya sekunde chache.