Faiba ya nyumbani: ping inapita, tovuti nyingine hazifunguki

mkazi_ghorofani
Wakuu, laini yangu ya faiba ni PPPoE (ruta inaingia kwa jina na nywila ya mtoa huduma), na nimeweka ruta ya MikroTik badala ya ile ya mtoa huduma. Ping inajibu, YouTube inacheza, meseji za WhatsApp zinaenda. Ila tovuti ya benki inazunguka tu mpaka inakata. WireGuard (VPN) ya kazini inaunganika, lakini faili halishuki. Kwa data ya simu kila kitu kipo sawa. DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP) nimeshabadilisha, wapi!

waya_mtupu
DNS haihusiki, mkuu. Paketi (vifurushi vya data) ndogo zinapita, kubwa zinakwama: hiyo ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa paketi inayoweza kupita. PPPoE inakula baiti 8, kwa hiyo kwenye 1500 unabaki na 1492. Pima kwenye Windows:

`ping -f -l 1464 1.1.1.1`

1464 ukijumlisha na baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP (itifaki ya ping na ya taarifa za hitilafu) unapata 1492. Ikigoma, shusha kumikumi hadi ipite, kisha panda mojamoja.

Kinachotokea: seva ya benki inatuma paketi za 1500 zisizoruhusiwa kukatwa. Ruta iliyo njiani inazitupa na kurudisha ICMP aina ya 3, namba 4: "punguza". Kama ukuta (firewall) wa benki unazuia ICMP, seva haipati habari, inarudia paketi ileile. Ndiyo maana unakwama hasa cheti cha TLS (usimbaji wa https) kinapotumwa. YouTube inapona kwa sababu QUIC, itifaki inayoitumia, hutumia paketi ndogo.

Dawa ni kubana MSS, yaani kiasi cha data ndani ya paketi moja ya TCP, kwenye ruta (1492 − 40 za vichwa vya IP na TCP = 1452):

`/ip firewall mangle add chain=forward protocol=tcp tcp-flags=syn tcp-mss=1453-65535 action=change-mss new-mss=1452`

Usihangaike kushusha MTU kwenye kila kompyuta. Simu na TV utazifanyaje? Na kwako mwenyewe usizuie ICMP yote. Watu wanadhani ni usalama, kumbe ndio wanaotengeneza tatizo hili.

bw_paketi
Sawa kabisa, ila WireGuard haitapona kwa 1452, maana inasafiri kwa UDP, itifaki nyingine, na MSS ni ya TCP. MTU yake ya kawaida ni 1420. Juu ya IPv4 inaongeza baiti 60 za vichwa, jumla 1480, inapita. Juu ya IPv6 inaongeza 80, jumla 1500, inagonga. Angalia Endpoint (anwani ya seva) kwenye faili la mipangilio ya WireGuard: kama ni IPv6, weka `MTU = 1412` chini ya `[Interface]`, na upande wa seva pia.

Kama ni IPv4 na bado inakwama, basi huenda ping ya hapo juu ikakupa namba chini ya 1464. Hapo njia yenyewe ni nyembamba kuliko 1492, na hata ile 1452 uipunguze kwa kiasi hichohicho.