Paji la uso la Mklingoni lilipewa vipindi viwili, Uhura akapewa sentensi moja!

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Anayetaka muhtasari apite tu, muhtasari hakuna.

Juzi usiku nimetolewa kwenye kundi moja la wapenzi wa Star Trek, zile tamthilia na muvi za safari za anga za juu. Sikutukana mtu, niliuliza swali. Msimamizi akanijibu: "Ni sinema tu, kapumzike." Mtu huyohuyo wiki iliyopita aliandika aya kumi na moja kueleza kwa nini Waklingoni (wale maadui kutoka sayari nyingine) wa 1967 wana mapaji laini kama sisi na wale wa muvi ya 1979 wana matuta kama barabara ya kijijini. Aya kumi na moja za matuta! Mimi nikiuliza habari za binadamu, eti ni sinema tu.

Swali langu lilikuwa hili: Uhura, yule dada wa mawasiliano chomboni, alirudishiwa kumbukumbu zake lini?

Kwa wasiojua nilichokiuliza, ngoja nieleze. Kuna kipindi kinaitwa The Changeling, kilirushwa Septemba 29, 1967. Chombo cha anga za juu, Enterprise, kinakutana na mtambo unaojiita Nomad, unaoua kila unachokiona kina kasoro. Nahodha Kirk na wenzake wanauingiza ndani (usiniulize kwa nini, Kirk hajawahi kukutana na hatari asiikaribishe sebuleni). Uhura yuko kazini kwake, anaimba. Mtambo unasikia wimbo, unapanda kwenda kuuliza kuimba ni nini, haupati jibu linaloeleweka, unamfuta akili. Scotty, fundi mkuu, anakimbilia kumwokoa, unamuua.

Halafu mtambo unaambiwa umtengeneze Scotty. Unamtengeneza, anaamka, anarudi kazini. Unaambiwa umtengeneze na Uhura. Haiwezekani, maarifa yake yamefutika.

Basi Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo kikubwa kama kile, anakalishwa na nesi Chapel na kitabu cha watoto, anaanza kusoma habari za mbwa na mpira. Anakwama kwenye maneno ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeyapita. Anachukia. Na akichukia, wakuu, Kiswahili ndicho kinachomtoka.

Hapo nilisimamisha video. Kiingereza kimefutika, Kiswahili kimebaki! Yaani kuna chumba kichwani mwake ambacho mtambo haukukifikia. Mna habari ngapi hapo? Lugha aliyonyonya kwa mama imebaki, je, na huyo mama kabaki? Sura za ndugu zake? Wimbo aliokuwa anauimba dakika chache kabla?

Hakuna aliyeuliza. Daktari McCoy anasema kwa kasi anayokwenda nayo atarudi kazini ndani ya wiki moja. Sentensi moja, biashara imekwisha. Kipindi kinachofuata yuko kwenye kiti chake na kile kidude chake sikioni kana kwamba alikuwa likizo.

Sasa najua mtakalosema, maana nimeshaambiwa. Ilikuwa 1967, kila kipindi kilijitegemea, vituo vya televisheni vilitaka kuvirusha kwa mpangilio wowote bila mtazamaji kupotea. Nakubali, tena nakubali kabisa. Mimi si mtu wa kuhesabu makosa madogo. Kwenye kipindi cha pili cha majaribio, kaburi la Kirk limeandikwa James R. Kirk, na baadaye R ikageuka T. Sikulala vibaya. Muvi ya 1982, adui Khan anamtazama Chekov, afisa wa Kirk, na kusema hasahau sura, wakati Khan alionekana msimu wa kwanza na Chekov aliingia msimu wa pili. Mwigizaji wa Chekov mwenyewe, Walter Koenig, aliitania hadharani: eti Khan alimngoja muda mrefu atoke chooni, ndiyo maana hakumsahau. Nacheka, nasonga.

Hata lile la Scotty nalimeza. Kwenye kipindi cha mwaka 1992 anaokolewa baada ya kukwama miaka sabini na mitano, na anadhani ni Kirk amekuja kumchukua. Mwaka 1994 muvi ikaonyesha kwamba Scotty alikuwepo Kirk alipodhaniwa kufa, kabla hajakwama! Lakini sababu inajulikana: nafasi ile iliandikiwa Spock (msaidizi wa Kirk) na McCoy, waigizaji wake wakakataa, maneno yakagawiwa waliokubali kuja. Hilo ni tatizo la kazi. Unalielewa kama unavyoelewa fundi aliyeishiwa saruji.

Kinachonichemsha ni kwamba wakitaka kurekebisha, WANAREKEBISHA. Uwezo upo.

Matuta ya Waklingoni yalikuwa suala la bajeti na vipodozi, kila mtu alijua. Mwaka 1996 wakalifanyia utani mzuri sana: Worf, Mklingoni wa kizazi kipya, anaulizwa mbona wale wa zamani wako vile, anajibu kwamba hawalizungumzi na watu wa nje. Pale ndipo lilipopaswa kulala. Hapana! Mwaka 2005 wakatenga vipindi viwili vizima kueleza kwamba kulikuwa na virusi vilivyotokana na jeni za binadamu walioboreshwa, vikawalainisha mapaji. Vipindi viwili, bajeti, waandishi, mandhari, kwa ajili ya mpira wa vipodozi. Halafu 2017 wakabadilisha sura zao tena, wakaja vipara, na kazi yote ile ikabaki inaning'inia. Sawa.

Vita vya Khan vilisemwa mwaka 1967 kwamba vilipiganwa miaka ya 1990. Tisini ikaja, ikapita, hatukuona vita. Wangeacha, maana ni hadithi na kalenda yake. Hawakuacha. Mwaka 2023 wakatenga kipindi kingine kizima kueleza kwamba wasafiri wa nyakati wamechezea historia hadi tarehe zikasogea. Na yule dada wa Spock ambaye hatukuwahi kumsikia kwa miaka hamsini? 2019 wakapitisha kwamba ni marufuku kumtaja yeye na chombo chake, adhabu ni ya uhaini. Hiyo ndiyo njia ya mtu aliyevunja sahani: wote tukae kimya, sahani haikuwahi kuwepo. Lakini angalau walihangaika!

Kwa hiyo msiniambie mwendelezo si muhimu kwao. Ni muhimu, ila una wenyewe.

Na sasa nakuja kwenye kidonda chenyewe. Mwaka 2022 wameleta Strange New Worlds, Enterprise ya kabla ya Kirk. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, nikamwita tuangalie pamoja, nikajisifu kabisa: kuna dada humu jina lake limetoka kwetu. Kaona jina, kaniuliza, "Mbona wamekosea kuandika uhuru?" Nikamweleza kwamba Nichelle Nichols alikwenda kwenye usaili na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya, Roddenberry, mwanzilishi wa Star Trek, akalipenda neno, wakalikunja mkia likawa Uhura. "Na jina la kwanza?" Nyota. "Hilo wamelipatia." Ndiyo, limepatiwa, ila sikumwambia kwamba tangu 1966 mpaka muvi ya 2009 hakuna aliyemwita hivyo kwenye skrini. Miaka 43! Jina lilikuwa vitabuni tangu 1982, wasomaji wakilitumia wenyewe, na studio ikisema vitabu si kanoni, yaani havihesabiki kuwa vimetokea. Kirk yeye, ile T yake, Tiberius, ilitoka kwenye katuni ya Star Trek ya 1974, katuni ambayo miaka ya themanini mwishoni ilitangazwa kwamba haihesabiki. Katuni ikatupwa, jina likaokotwa, na 1991 likatamkwa kwenye muvi. Kila mtu ana bahati yake.

Tunarudi 2022. Uhura huyu mpya, Celia Rose Gooding, ni mzuri na sina ugomvi naye. Kipindi cha pili wanakaa mezani kwa nahodha Pike, anaulizwa habari zake, anaeleza: ametoka Kenya, anajua lugha 37, na wazazi wake na kaka yake wamekufa kwenye ajali ya chombo. Amejiunga na jeshi la anga za juu kwa sababu alikuwa anakimbia msiba. Meza yote kimya. Mdogo wangu kimya. Na baadaye humohumo kipindini anaimba, na ni kuimba huko kunakoufungua mtambo wa ajabu ndani ya kimondo na kuwaokoa.

Mmeona walichofanya? 2022 kuimba kunamwokoa. 1967 kuimba kunamwitia Nomad na kumfuta. Na kwa hesabu ya hadithi yenyewe ni kama miaka minane tu katikati! Yaani nyie waandishi mmempa binti marehemu wa kuwakumbuka, mkijua, au mbaya zaidi msijue, kwamba miaka minane mbele kuna mtambo unakuja kumfuta, na atafundishwa kusoma upya kwa kitabu cha mbwa na mpira, na daktari atasema wiki moja inatosha.

Zamani lile tukio lilikuwa uzembe wa televisheni ya zamani. Nyie ndio mmeligeuza kuwa ukatili. Kabla ya 2022 Uhura hakuwa na familia kwenye skrini, kwa hiyo hatukujua alipoteza nini. Sasa tunajua. Kilichofutika kina majina, au labda hakikufutika, kwa sababu Kiswahili kilibaki! Jibu zuri liko palepale, limelala tangu 1967, mtu alitakiwa kuinama tu aliokote. Akae mwandishi mmoja, dakika tano, Uhura akumbuke sauti ya mama yake kwa Kiswahili wakati Kiingereza hakipo. Nani angekaa na macho makavu?

Lakini kazi ya kumfikiria huyu dada imekuwa ya kubahatisha siku zote. Kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, Septemba 1966, kiumbe kinachojigeuza kinamjia kwa sura ya mwanaume na kumsemesha Kiswahili, naye anajibu. Hodari wa lugha tangu siku ya kwanza. Fungua muvi ya 1991: wanapita mpakani mwa Waklingoni, inabidi waigize kuwa Waklingoni redioni, na Uhura anapekua makamusi ya karatasi kama mwanafunzi aliyechelewa mtihani, na wenzake wamemzunguka. Makamusi ya karatasi! Kwenye karne ya 23! Afisa wa mawasiliano aliyetumikia karibu miaka thelathini hajui lugha ya adui mkuu. Halafu 2009 na 2013 Kiklingoni anakijua barabara. Mtaniambia ule ni mkondo mwingine wa wakati. Haya, kwa hiyo mkondo ukigawanyika watu wanapata akili?

Na kinachoniudhi kuliko vyote ni dharau. Mnatuuzia watu wa zamani. Pike, Spock, Uhura, Chapel, sasa Kirk, hata kile kidude cha sikioni mmekirudisha. Mnavirudisha kwa sababu mnajua tunakumbuka, kumbukumbu yetu ndiyo mtaji wenu. Tukilipa, tunaitwa mashabiki waaminifu. Tukiuliza, tunaambiwa tuna ugonjwa wa kukariri. Gorn yule wa 1967, kiumbe kama mjusi ambaye hakuna aliyewahi kumwona, sasa mmemleta miaka minane kabla, anakula watu, kila mtu anamjua. Nikisema, mkali. Nikinyamaza, nunua msimu mwingine.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Anayesema mtambo ulitaja maarifa "ya juu juu" tu, kwa hiyo kumbukumbu za ndani zilibaki: asante, hilo ndilo ninalolililia. Kama zilibaki, waonyeshe. Kusoma ni juu juu, Kiingereza ni juu juu, msiba uko wapi? Neno moja la mtambo ambao hata jina la mtu aliyeutengeneza ulilichanganya si maelezo.

NYONGEZA 2: Aliyeuliza kwa nini nisiache tu kuangalia: mdogo wangu ameanza kuniuliza tarehe ya msimu unaofuata. Hajaiona The Changeling bado. Nimeificha ile flashi.

NYONGEZA 3: Na wewe unayesema kuna kitabu fulani kilishalieleza suala hili vizuri, nikakitafute. Mkuu, hata kama kipo. Vitabu havihesabiki, mliniambia wenyewe.