Nyie watu wa printing, nani kawatuma kufungua PSD (faili la Photoshop lenye leya, yaani tabaka zake, bado hazijaunganishwa) ya mtu na kubonyeza OK OK?

Wakuu nawasalimu, leo nimechafukwa vibaya so msianze kunisahihisha uandishi.

Nilikuwa na kazi ya bango la send-off, mita 3 kwa 2.1. Nimelitengeneza Photoshop kwa A3, dpi 300 (nukta 300 kwa inchi), siku mbili sijalala vizuri. Jina la bibi harusi nimelipiga teksicha ya dhahabu kwa Pattern Overlay (efekti ya kujaza pateni), juu bevel ya kuinua kingo, chini shado ya piksel 18, ukiangalia unaona kabisa herufi zimechongwa. Jamaa wa printing huku Kariakoo akaniambia nitumie faili wazi bro ntalikuza mwenyewe, hii kazi nimeanza kitambo. Nikajichanganya nikamtumia PSD. Hilo kosa langu nakubali, nishasemwa vya kutosha.

Kumbe yeye kaingia Image Size kaongeza saizi tu, ile Scale Styles, chaguo la kukuza efekti pamoja na picha, haina tiki wala hajahangaika nayo. Sasa kwa msiojua, efekti za leya zinahesabiwa kwa piksel, ukikuza picha bila ile tiki picha inakua ila efekti zinabaki na namba zilezile. Yaani shado iliyotakiwa kufika sentimita moja na kitu pale kwenye bango imetoka haifiki hata nusu sentimita, ukirudi hatua kumi huioni, herufi zimelala flati kama zimeandikwa na maka. Teksicha ndo usiseme, pateni imebaki ndogo vilevile inajirudia rudia, dhahabu yangu imegeuka vigae vya choo cha stendi!!

Bado hajamaliza. Katoa RGB (rangi za skrini) kaenda CMYK (rangi za wino wa kuchapa) na leya zake zote zikiwa wazi, na programu yenyewe huwa inakuuliza kabisa uziunganishe kwanza maana muonekano utabadilika, yeye kakataa kapita. Ule mwanga nilioweka kwa Screen (namna ya kuchanganya leya inayong'arisha) nyuma ya kichwa cha bibi harusi ukatoka ukungu wa kijivu. Mama mtu kafika ukumbini kaliona, ananipigia, "mwanangu, mbona binti yangu anafuka moshi?" Nilikosa jibu.

Nampigia jamaa, anasema eti faili langu lilikuwa na efekti nyingi ndo maana. Efekti nyingi?? Kwani nimekupa biriani useme chumvi imezidi?

Elfu 80 ya kuchapa upya nimetoa mimi, saa nne usiku, kwa mtu mwingine. Safari hii nimekuza mwenyewe na tiki yangu, nikatoa kopi, nikaiflati (leya zote zikawa moja), ndo nikageuza CMYK nikampa TIFF, faili la picha tayari kuchapwa. Likatoka poa tu, na wala yule wa pili hakuuliza swali hata moja.

Nina mabango mengine mawili ya Jumamosi. Nani anamjua mtu wa printing hapa Dar anayepokea TIFF akaichapa kama ilivyo, asiwe na kidole cha kubonyeza bonyeza?