Wasomaji mnaohukumu simulizi sehemu ya pili, mnatukimbizia waandishi

Wakuu, leo naongea kwa hasira, atakayeumia aumie.

Kuna jamaa alikuwa anashusha simulizi ya maajabu kila Jumatano na Jumamosi. Mtoto wa mvuvi Kilwa Kivinje, bahari inakupwa usiku na hairudi, kule mbali kwenye matope imesimama milango. Milango mitupu, wakuu, bila nyumba. Sehemu ya kwanza iliishia dogo anapoona mmoja umechongwa jina la marehemu babu yake. Nikasema hapa tumepata mtu.

Sasa njoo kwenye komenti. "Nimewahi siti." Hajasoma hata mstari. "Lete vitu mkuu, arosto." Sawa, hao hawana madhara. Kero ilianza sehemu ya pili walipoingia wajuzi. "Mbona hana nguvu bado?" "Umeiga ile ya Kikorea." Ipi? Hasemi. "Babu ndiye jini, mwisho nimeshaujua." Mwingine akataka aelezwe hapo hapo nani kaijenga hiyo milango na kwa nini polisi hawajaitwa. Polisi! Bahari imetoweka, yeye anawaza RB.

Mmezoea zile apu za riwaya za Kichina zilizotafsiriwa: shujaa anadharauliwa mwanzoni, mara anapata nguvu, mara anachapa ukoo mzima. Hata mimi nazisoma. Lakini kule sehemu za mwanzo ni bure na za mbele zinalipiwa, kwa hiyo mwandishi lazima akunase kabla hujafika getini. Huyu wetu anaandika bure, kwa simu, usiku akitoka kazini. Mnamkimbiza aende wapi?

Na msiniambie maajabu siyo mambo yetu. Shaaban Robert alitupa Kusadikika mwaka 1951, nchi nzima iko angani. Yule Adili wake wa Adili na Nduguze, anayechapa manyani wawili kila usiku je? Ingewekwa leo, komenti ya tatu ingekuwa "unatesa wanyama, naishia hapa", kabla hata hajajua wale manyani ni kina nani.

Sijasema msikosoe. Jamaa alikuwa na kasoro zake, mazungumzo yalikuwa yanachanganyikana hadi hujui nani anaongea. Dada mmoja akamwambia kwa adabu, akamnukulia na mistari yenyewe. Sehemu ya tatu ikaja imenyooka. Komenti za hivyo zilikuwa ngapi? Hiyo moja tu.

Sehemu ya nne akaandika chini, "Nimesoma maoni yenu, asanteni," na hajaonekana tena. Sasa wale wale ndio wanaufufua uzi kila wiki: "Mkuu vipi, mbona kimya?" "Usitufanyie hivyo bwana." Na yule aliyeshaujua mwisho naye yumo, anaulizia muendelezo. Si atumalizie yeye?