Kozi fupi ya rilei: chuoni Mbeya, mtandaoni, au kufunga safari Dar?

Fundi_Soweto
Ugonile wakuu. Nipo Mbeya, mwaka wa 14 huu kwenye umeme, zaidi upande wa rilei, vile vifaa vinavyogundua hitilafu na kuamuru umeme ukatwe. Nilijifunzia zile za kisahani: unafungua kioo, unakiona kinazunguka, unarekebisha kwa mkono. Majuzi nimeitwa kiwanda kimoja, nafungua kabati nakuta boksi lenye skrini ndogo na tundu la waya wa mtandao. Kijana wa pale ananiuliza, "Fundi, laptopu iko wapi?" Mkononi nina bisibisi. Hela niliyonayo ni ya kozi moja tu. Nisome chuo cha hapahapa, mtandaoni, au wiki mbili Dar?

Kihesa_Juu
Kamwene. Mtandaoni, mkuu. Mimi nimesoma misingi ya IEC 61850 usiku nikiwa Iringa, sijaomba ruhusa kazini. Ndiyo lugha ya rilei za sasa kwenye vituo vya umeme: badala ya kuvuta waya wa shaba kwa kila ishara, vifaa vinatumiana ujumbe kwenye mtandao wa kituo. Video unairudia hata mara tano, haikunji uso. Ila nisikudanganye, nilianza kozi tatu nikamaliza moja.

Mama_Uyole
Kaka, Kihesa kasema nusu. Chukua mfano wa CT (siti), ile transfoma ya kupimia mkondo. Ukiiacha wazi upande wa sekondari, ule wa kwenda kwenye rilei, huku mkondo unapita, volteji inapanda mpaka inaua. Mimi sikujifunza hilo kwenye video. Mtu alikuwa kasimama pembeni yangu, akanidaka mkono kabla sijalegeza skrubu. Kwa hiyo chuo, lakini kwanza uliza: karakana ina mashine ya kupimia rilei, ile ya kuingiza mkondo wa majaribio? Kuna mahali nililipa ada ya siku tano, mashine tukaionea kwenye picha.

Tunduma_Mpakani
Na usichelewe. Mradi wa laini ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupita Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga ndio wa kutuunganisha na Zambia. Bwawa la Nyerere peke yake ni megawati 2,115, mitambo tisa ya 235. Huko bisibisi yako utaishia kufungulia mlango wa kabati 😂

Mafinga_Baridi
Kama umesajiliwa Bodi ya Wahandisi, uliza kabla ya kulipa kama kozi inahesabiwa kwenye mafunzo endelevu. Dar mimi nimekwenda. Nauli, gesti, chakula cha wiki mbili, ukijumlisha unaona ada ilikuwa kitu kidogo. Nilichorudi nacho cha maana ni namba ya jamaa anayefunga hizo rilei. Moja iligoma saa nane usiku, nikampigia, akanielekeza nikiwa nimevaa koti juu ya koti. Kozi yenyewe nimeshaisahau.

Mama_Uyole
Hiyo namba tuma inboksi basi.

Fundi_Soweto
Asanteni sana. Dar nimeitoa. Mwezi huu naanza misingi mtandaoni, zile za bure. Ijumaa napita chuoni naomba wanifungulie karakana niione mashine kwa macho yangu. Ikiwepo, nalipa palepale. Sasa, nani anauza laptopu isiyo na longolongo? Za Mwanjelwa naziogopa betri.