Ushauri: mwanangu anapasuliwa moyo, daktari asema huenda akatoa tezi ya kifuani

Mama_Langoni (Lamu)
Assalaam alaikum wanajamvi. Mwanangu ana miezi saba, ana tundu la moyo tangu kuzaliwa, na mwezi ujao tunaitwa Nairobi kwa operesheni. Daktari akataja kwa kupitia tu kwamba ili aufikie moyo huenda akatoa sehemu kubwa ya tezi ya thaimasi. Nikamuuliza ina kazi gani, akajibu ni ya kinga, ila mtoto hatadhurika. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, nikanyamaza. Sasa usingizi hauji. Mamkwe anasema Mola haumbi kiungo bure, tukatae. Mume wangu yuko baharini, akipata mtandao ananiambia tumwamini daktari. Nimesoma kwamba seli T, zile chembe za damu zinazopigana na maradhi, hutoka humo. Tezi ikiondoka, si mtoto atabaki bila kinga? Mwenye ujuzi anisaidie, tafadhali.

Kasa_wa_Shela
Dada usikubali kabisa! Binamu yangu alitolewa tonsili, tangu hapo mafua hayamwachi.

MwalimuBayo (Malindi)
Kasa, tonsili ni habari nyingine, na hadithi ya mafua si sababu ya kumkimbiza mtu operesheni ya moyo.

Mama, hofu yako ina msingi ila kuna nusu ya habari hukupewa. Tezi hiyo imelala nyuma ya mfupa wa kidari, mbele ya moyo, na kwa mtoto mchanga ni kubwa hasa, ndiyo maana inamzuia mpasuaji. Kwenye eksirei wakati mwingine huchomoza pembetatu kando ya moyo. Madaktari wanaiita alama ya tanga, na kweli watu wa Lamu mngeitambua.

Seli T hazianzii humo. Mbegu zake hutoka kwenye uboho wa mifupa, huja na damu, na kuingilia mpakani mwa tabaka mbili za tezi: la nje, koteksi, na la ndani, medula. Kutoka hapo husogea kuelekea ukingo wa nje, huku zikigawanyika na kukatakata jeni zao ili kila moja ipate kipokezi chake, yaani kishikio cha kutambulia vitu. Ukataji huo ni wa bahati nasibu, kwa hiyo vipokezi vingi havifai. Seli ambayo kipokezi chake hakiwezi kushika hata kidogo protini za mwili zinazobeba vipande vya protini nyingine ili seli T zivikague hufia palepale koteksi. Inayoweza huotesha kipokezi kingine, CCR7, kinachoivuta kufuata kemikali zinazotoka medula, basi inarudi ndani.

Medula ndiyo inayonishangaza mimi kila nikifundisha. Seli za tezi, kwa amri ya jeni iitwayo AIRE, huonyesha protini za viungo vya mbali, hata insulini ya kongosho. Seli T ikizishika kwa nguvu huuawa, au hugeuzwa kuwa ya kutuliza wenzake, la sivyo ingekuja kuushambulia mwili wenyewe. Zinazosalimika ni sehemu ndogo sana ya zilizoanza.

Sasa swali lako. Kwa binadamu kazi hii huanza tumboni mwa mama. Mwanao alizaliwa na seli T tayari zimo kwenye damu, wengu na tezi za limfu, na huko zinaweza kugawanyika zenyewe. Jacques Miller alipowatoa panya wachanga tezi hii, London, mwaka 1961, walidhoofika kwa maradhi, kwa kuwa panya huzaliwa kabla seli hizo hazijasambaa. Mwanao si panya wa siku moja.

Mama_Langoni
Shukran sana maalim. Kwa hiyo haina hasara?

MwalimuBayo (Malindi)
La, sikusema hivyo. Watoto waliotolewa tezi yote mapema hukutwa baadaye na seli T mpya chache kuliko wenzao, ingawa wengi huishi vizuri. Haifai kutolewa ovyo. Lakini tundu la moyo linalohitaji kuzibwa nalo halingoji.

NesiMstaafu
Mamkwe wako hakukosea mwanangu, kiungo hicho kina kazi. Ila usikatae operesheni, uliza. Kwanza, je, wanaweza kuacha kipande? Kilichobaki huweza kukua tena. Pili, mtoto amepimwa ugonjwa wa kuzaliwa nao uitwao DiGeorge? Kuna watoto wenye kasoro za moyo wanaozaliwa na tezi ndogo au bila tezi kabisa, na hao damu ya kuongezewa hupigwa mionzi kwanza. Hilo lijulikane kabla ya siku yenyewe. Tatu, beba kitabu cha kliniki. Chanjo ya surua ni ya miezi tisa na ina virusi hai, basi wakwambie apewe lini baada ya kupasuliwa na kuongezewa damu. Na kabla hujapanda mashua ya Mokowe, hakikisha hana homa wala kikohozi, wasije wakawarudisha.

Mama_Langoni
Hilo la DiGeorge hakuna aliyelitaja. Nampigia daktari kesho asubuhi, na mamkwe nitamsomea haya yote leo baada ya Isha. Kasa, sijakasirika, mpe pole binamu.

Kasa_wa_Shela
Zimefika dada. Mkishuka Nairobi mkikosa pa kulala, shangazi yangu yuko Eastleigh, niandikie faragha.